Mstari Uliopanda Kuelekea Mlango Wetu

Ukuta wa udongo ukilowa kutoka juu, kwa mvua, hunukia vizuri, na sisi tuliolelewa katika nyumba za udongo tunaipenda harufu hiyo. Lakini ukilowa kutoka chini, maji yakiupanda polepole kama mafuta yapandavyo utambi, hutoa harufu nyingine kabisa: uchachu, majani yaliyooza, samadi ya miaka mingi. Mwezi uliopita tangi letu lilipasuka hapa Homa Bay, likalowesha ghala kuukuu lililo nyuma ya nyumba. Asubuhi nilipofungua mlango wa ghala hilo, harufu hiyo ilinikalisha kizingitini. Mjukuu wangu alidhani ni presha. Nilimwambia aniache kidogo, kwa sababu nilikuwa nimerudi kwetu, nina miaka kama kumi na miwili, na ziwa lilikuwa linakuja.

Boma letu lilikuwa kwenye tambarare, ng'ambo kidogo ya mji, mahali ambapo ardhi inateremka kwa uvivu kiasi kwamba huwezi kusema hapa ndipo shamba linapokwisha na hapa ndipo ziwa linapoanza. Baba alilima mtama na pamba na alikuwa na ng'ombe wachache. Babu alizikwa pale pale, kando ya nyumba yake, na kwa sababu hiyo hapakuwa mahali pa kuhamwa hivi hivi. Ziwa tulilijua tabia zake. Wakati wa masika lilipanda, likalamba mafunjo, likarudi kwao. Mwaka ule halikurudi. Mwanzoni Mama alifurahi, maana njia ya kwenda kuteka maji ilifupika. Alikuwa akirudi na mtungi kichwani kabla uji haujachemka, akisema ziwa limemhurumia mgongo. Kisha siku moja alirudi mapema mno, akautua mtungi, akageuka kuitazama njia aliyotoka, na hakusema tena habari za huruma.

Mwaka huo tulikuwa na mwalimu mgeni, Mwalimu Marwa. Alikuwa Mkuria kutoka kule mbele ya Migori, karibu na mpaka wa Tanganyika, kijana mrefu aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku za matope. Dholuo, lugha yetu, hakuijua zaidi ya salamu, hivyo na wazazi wetu alisema Kiswahili, nao walimjibu kwa Kiswahili chao. Alikuja na karatasi zenye vijiraba vidogo vidogo, ambazo hatukuwa tumeziona, na alipenda hesabu kama watu wengine wanavyopenda nyimbo. Alipoona ziwa linapanda, alichukua mti mrefu, akauchonga alama za inchi, akausimika majini chini ya shule. Kila Ijumaa tuliteremka kusoma maji yamefika wapi. Yeye akiingia darasani aliweka kitone kimoja kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani: majuma yakihesabiwa kwenda kulia, inchi zikihesabiwa kwenda juu.

Vitone vile vilijipanga kama siafu. Siku moja aliweka rula juu yake, akapitisha mstari, na mstari ukavigusa vyote. Kisha akaandika ubaoni: y = 2x + 10.

"Hii kumi inayokaa peke yake," alisema, "ni pale maji yalipokuwa tulipoanza kupima. Nikiandika kumi na tano, angalieni, mstari wote unapanda, lakini haugeuki. Ni kama ngazi iliyoegemezwa. Umeinyanyua nzima, mwinamo ni uleule." Akachora. "Lakini hii mbili iliyoshikana na x ndiyo ya kuangalia sana. Hii ni mwendo. Kila juma, inchi mbili. Ukiigusa hii, mstari unabadilisha mwinamo." Akafuta mbili, akaandika tatu, na mstari ukainua kichwa kama nyoka. Akaandika nusu, ukainama. Akaandika sifuri, ukalala kabisa.

"Sifuri ni nini?" alituuliza.

"Ziwa limesimama," tukajibu.

Niliutazama ule mstari uliolala kwa tamaa kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani. Kisha Mwalimu alirudisha ile mbili yake, na mstari ukarudi kupanda.

Kilichonitisha ni kilichofuata. Alichukua makaa, akatia alama kwenye mti, juu ya maji, akasema Ijumaa ijayo maji yatakuwa hapa. Ijumaa ilipofika, maji yalikuwa pale. Akatia nyingine. Maji yakaja yakaigusa, taratibu, kama ng'ombe anayeitwa kwa jina. Wengine darasani walipiga makofi. Mimi sikupiga. Kwa akili yangu ya utoto, jambo lilikuwa wazi: Mwalimu anaandika, ziwa linatii. Na kama ni hivyo, dawa ilikuwa rahisi, alikuwa tu hajaombwa.

Nilibaki darasani wenzangu walipotoka.

"Mwalimu, naomba uandike moja."

"Moja wapi, Awino?"

"Badala ya mbili. Au sifuri, kama inaruhusiwa." Nikanyoosha kidole upande wa ziwa. "Nyumba yetu iko chini."

Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alikwenda ubaoni, akafuta mbili, akaandika sifuri kubwa ya duara safi. "Twende tukaangalie," akasema. Tuliteremka wawili hadi majini juani. Tulisimama pale muda mrefu. Mawimbi madogo yaliendelea kupiga kwenye alama ileile, na moja likapita juu yake, likanilowesha vidole vya miguu.

"Umeona? Ziwa halijasoma nilichoandika. Namba inatoka kwake inakuja kwangu. Haitoki kwangu kwenda kwake."

Niliitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Lakini moyoni niliona amekataa tu, kwa adabu.

Hakuwa amekataa kusaidia, hata hivyo. Jumamosi alikuja nyumbani na chupa yenye maji nusu na kamba ndefu, akapima kutoka kwenye ule mti wake mpaka kizingiti chetu, akiinama na kuchungulia kwenye chupa kuona kama maji yake yamelala sawa. Kisha juu ya karatasi yake akachora mstari mwingine, uliolala: kizingiti chetu. Kizingiti hakina mwendo, alisema, kinakaa pale pale. Ule wa ziwa ulipanda ukaukata huu, na mahali ulipoukata palikuwa kabla ya mavuno ya mtama. Alimwonyesha Baba kwa kidole.

Baba aliitazama karatasi kwa heshima, kama unavyotazama picha ya mtoto wa mgeni. "Mwalimu, asante," alisema. "Mimi nitajenga tuta."

Akajenga. Yeye na majirani walichimba udongo, wakauinua mpaka kimo cha kifua changu, kutoka kichuguu kikubwa cha upande mmoja hadi miamba ya upande mwingine, ukazunguka boma letu, maboma ya majirani na mashamba. Mama na mimi tulishindilia kwa miguu. Ilikuwa kazi ya furaha, watu waliimba. Mwalimu naye alikuja, akavua viatu, akabeba udongo. Baadaye alinionyesha kwenye karatasi kwamba Baba amefanya jambo la maana: mstari wetu uliolala umenyanyuka, na sasa unakutana na ziwa baada ya mavuno. "Lakini," alisema, "ameinua mstari wa kwenu. Ule wa ziwa hajaugusa. Bado itakutana tu, mbele zaidi."

Maneno hayo yalifika kijijini kabla yangu. Yalikuwa yamegeuka njiani, kama maneno yanavyogeuka: Mkuria amesema tuta halitazuia kitu, maji yake yatafika tu. *Maji yake.*

Siku mambo yalipochacha, tulikuwa kwenye somo la hesabu. Mzee Ogola, jirani yetu, mtu wa sauti nzito aliyekuwa na fimbo ya mpingo, alisimama mlangoni mwa darasa na wanaume wengine nyuma yake. Baba alikuwa kati yao. Nilimwona, naye aliniona, akatazama pembeni.

"Wewe Mwalimu," alisema Mzee Ogola kwa Kiswahili, ili aelewe vizuri. "Hii maji inasikia wewe. Unaweka alama, inakuja. Unaweka ingine, inakuja. Nani alikutuma?"

"Mzee, mimi napima tu. Hata nisipopima, itakuja."

"Unaona!" Mzee aligeukia wenzake. "Anasema itakuja!"

Nilitaka kusimama niseme kwamba aliandika sifuri na ziwa halikusikia, kwamba nilikuwepo, nililowa miguu. Katika dakika ile ndipo nilipomwamini Mwalimu, nilipoona watu wazima wameshika wazo langu lenyewe na linavyotisha mikononi mwao. Lakini sikusimama. Mzee mmoja alisema neno *jajuok*, mchawi, bila kuinua sauti. Mzee Ogola alipita kati ya madawati, akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja mara mbili, akaitia kwapani. Hakuna aliyempiga Mwalimu. Nilikuwa nimekaza meno nikingoja sauti ya fimbo, nayo haikuja. Walishuka ziwani, wakaung'oa ule mti, wakauvunja. Kabla ya Jumatatu Mwalimu Marwa alikuwa ameondoka na sanduku lake juu ya baiskeli, na mwalimu mkuu alituambia tusome ukurasa unaofuata.

Ziwa halikuambiwa kwamba ameondoka. Liliendelea. Maji yalifika kwenye mguu wa tuta, yakaanza kulipanda. Nje ya tuta kulikuwa na nguzo ya zizi la zamani, sasa imesimama majini peke yake. Nilianza kuikata alama kwa kisu cha jikoni, nikipima kwa rula yangu ya shule, bila kumwambia mtu. Niliona mbili. Niliona mbili tena. Kisha mvua ikaanza kunyesha kule milimani Ukisii, siku baada ya siku, sisi tukiona tu wingu jeusi lisilosogea. Mama alirudi kutoka soko la Homa Bay akisema gatini maji yanagusa mbao, na kwamba Waswahili wenye maduka wamepandisha magunia ya sukari juu ya meza. Ijumaa ile nilikwenda kwenye nguzo, nikapima, nikapima tena. Tatu. Juma lililofuata, tatu na kipande.

Nilijua maana yake, na hakukuwa na wa kumwambia. Mtama ulikuwa umeanza tu kubadilika rangi.

Baba alikuwa uani, ananoa jembe, siku nilipompelekea habari. Nilikuwa nimeshika kaa la moto uliozimika. Alikuwa mtu mwema lakini hakuwa mtu wa kufundishwa na mtoto, tena msichana, tena kwa jambo lililomfukuzisha mtu.

"Baba, naomba nikuonyeshe kitu."

"Kitu gani?"

"Tuta."

Hilo lilimfanya aweke jembe chini. Nilichora ardhini, pale palipofagiwa, mstari uliolala. "Hili ni tuta lako." Nikachora mwingine unaopanda. "Hili ni ziwa. Hapa linapokutana na tuta, ni baada ya mavuno." Aliitikia kwa kichwa, hilo alilijua. "Lakini ziwa limebadilisha mwendo, Baba. Nimepima kwenye nguzo ya zizi." Nikachora wa tatu, uliosimama zaidi, ukaukata ule wa tuta mbali sana upande wa kushoto. "Sasa ni hapa. Kabla ya mavuno."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Hakupepeta.

Baba alichuchumaa. Alitazama michoro ile muda mrefu, nikadhani anatafuta maneno ya kunikemea. Kisha akachukua kijiti. "Nikiongeza tuta, mkono mmoja hivi?"

Nikaunyanyua mstari wa tuta. Kukutana kukasogea kulia, kidogo.

"Na mvua ikikoma kesho? Ziwa lirudi kwenye mwendo wa kwanza?"

Nikauinamisha wa ziwa. Kukasogea kulia tena. Lakini bado yalikutana.

"Ni lini hayakutani?"

Nilifikiri. "Ziwa likisimama, Baba. Ule mwendo ukiwa sifuri. Au likianza kurudi."

"Na nani anaandika hiyo sifuri?"

"Hakuna mtu. Mwalimu aliiandika, mbele yangu. Tulikwenda tukaangalia. Haikufanya kitu."

Aligeuza kijiti mkononi. "Aliiandika," alisema polepole. "Alijaribu kulisimamisha?"

"Nilimwomba mimi."

Baba alikitupa kijiti. Aliinuka, akaenda akasimama kwenye kaburi la baba yake, mgongo ukiwa kwetu. Aliporudi alimwambia Mama, "Mama Awino, tafuta jogoo."

Mama alielewa kabla yangu. Boma jipya kwetu halianzishwi kwa kubeba vyungu tu; hutangulia jogoo, shoka na moto. Baba alimtafuta mjomba... hapana, alikuwa ami yake, ndugu wa Babu, kwa kuwa lazima awepo mzee wa ukoo. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado na pengo la jino la mbele, alibeba jogoo aliyekaribia kuwa mkubwa kuliko yeye, na shoka likafungwa begani kwake. Mama alibeba moto. Walipanda mlimani alfajiri, na kufikia jioni kulikuwa na kibanda kilichoezekwa, na moto ukiwaka ndani yake. Majirani walitazama. Mzee Ogola alisema Baba amerogwa akili.

Siku ya tatu, mchana kweupe, Baba na mimi tuliteremka kuchukua mlango wa nyumba, kwani ulikuwa wa mbao nzuri. Alikuwa ameshautoa kwenye bawaba zake nilipohisi kwamba ardhi iliyo chini ya nyayo zangu inapumua. Nilitazama chini. Maji yalikuwa yakichemka kutoka kwenye mashimo ya mchwa, ndani ya boma, hatua nyingi kutoka kwenye tuta. Harufu ile ilinijia puani. Ukuta wa nyumba ya Mama ulikuwa mweusi mpaka kiunoni mwangu.

"Baba!"

Tuta lilitoa sauti kama turubai linalochanwa. Baba alinishika mkono, sikumbuki kukimbia, nakumbuka tu kwamba miguu yangu haikugusa kitu. Alinirusha juu ya kichuguu. Maji yalipita chini yetu ya rangi ya chai, yamebeba mafunjo na kuku na mtama ambao haujakomaa. Nyumba yetu ilipiga magoti. Haikuanguka, ilipiga magoti, paa likiwa zima, kisha likaenda.

Ng'ambo, katika boma la Mzee Ogola, mwanamke alikuwa akipiga mayowe. Alikuwa mke wake, aliyekuwa na mguu mbaya, amepanda kwenye ghala la nafaka nalo linainama. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye maji ya kifua, fimbo bado mkononi, hawezi kusogea mbele wala nyuma. Baba alinitazama. Akaniambia, "Usishuke hata ukiniona nimezama," akaushika ule mlango uliokuwa ukielea, akajitosa nao.

Sitaeleza muda ule ulivyokuwa. Mama alikuwa amefika juu ya mteremko na kusimama, mikono kichwani, na mimi niko juu ya kichuguu, na kati yetu maji. Niliona kichwa cha Baba, kisha sikukiona. Nilianza kuhesabu kwa Kiingereza, kwa sababu hesabu nilijifunza kwa Kiingereza. Kisha ule mlango ukatokea nyuma ya mkuyu, mke wa Mzee Ogola amelala juu yake kifudifudi, Baba anausukuma kwa nyuma, na Mzee Ogola ameung'ang'ania upande, fimbo imepotea.

Hakufa mtu. Lakini mtama wote ulikwenda, na kaburi la Babu lilikuwa chini ya maji. Mzee Ogola alipopata joto alisema mafuriko yale ni laana aliyoiacha Mkuria alipofukuzwa. Watu waliitikia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka.

Juma lililofuata aliniambia, "Awino, vaa gauni lako la Sabato. Tunakwenda Migori."

Tulipanda basi, tukashuka Migori, tukavuka mto kwa miguu darajani, tukatembea upande wa Ukuria tukiulizia. Baba alikuwa na wasiwasi. Lugha ya huko hakuijua, na kila tulipouliza alivua kofia. Nilijiuliza kama anakwenda kumshukuru Mwalimu au kumshtaki. Sikuthubutu kuuliza. Tulimkuta akitengeneza ua wa zizi la baba yake, kifua wazi, na alipotuona aliacha kazi lakini hakusogea. Aliangalia nyuma yetu, kama kuna wengine wanaokuja.

Mamake alituletea viti. Baba alikataa kuketi.

"Mwalimu," alisema, "tuta ilipasuka. Nyumba imeenda. Watoto ni wazima."

"Pole sana, Mzee."

"Mimi nimekuja kuuliza neno moja tu. Hii maji itasimama lini?"

Mwalimu Marwa alinitazama mimi, kisha akatazama mikono yake yenye udongo. Niliona anatafuta jibu la kumfaa mtu aliyetoka mbali, na niliogopa atalipata.

"Sijui, Mzee."

"Hujui?"

"Mstari ulituonyesha tulikotoka. Mbele tulikisia, na ziwa likageuza namba lenyewe. Siku ya kuigeuza tena, mimi sijui. Ningejua ningekuambia."

Ng'ombe walikuwa wakitafuna nyuma ya ua. Kisha mabega ya Baba yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, cheko dogo la mtu aliyechoka sana.

"Umesikia?" aliniambia kwa Dholuo. "Hajui." Akamgeukia Mwalimu, akarudi kwenye Kiswahili chake. "Mchawi angejua."

Akavuta kiti, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Mwalimu aliyaleta mwenyewe katika kibuyu. Baba alikunywa kwanza, akamaliza nusu, akanipa nusu iliyobaki.